Bima Ipi Ughaibuni? Mjadala wa Wafanyakazi Wageni Ujerumani

Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda kufanya kazi Ujerumani hukaguliwa vyeti, lugha na mkataba wa ajira kabla ya kupewa viza. Akishafika hukutana na swali ambalo wengi hawakujiandaa nalo: umejiunga na bima gani ya afya? Ofisi ya utumishi inalitaka jibu siku za mwanzo kabisa, na jibu hilo linaweza kumfuata mpaka uzeeni. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira na uhamiaji mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Hata hivyo, tunapomuaga msafiri tunazungumzia mshahara na baridi. Bima tunamwachia aipambanue mwenyewe, kwa Kijerumani cha kujifunza miezi michache.

Kwanza tuelewane juu ya mfumo. Ujerumani ilianzisha bima ya ugonjwa ya lazima kwa wafanyakazi kwa sheria ya mwaka 1883, enzi za Kansela Bismarck. Leo kuna bima ya umma, inayoendeshwa na mifuko tisini na ushee, kila mmoja ukiitwa Krankenkasse, na kuna bima binafsi ya kampuni. Kila mkazi lazima awe na bima. Mwajiriwa ambaye mshahara wake hauzidi kiwango cha mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 73,800, hana hiari: yumo kwenye bima ya umma, anachochagua ni mfuko tu, na mifuko hiyo inafanana karibu kwa kila kitu kwa sababu mafao mengi yamewekwa na sheria. Aliyevuka kiwango hicho anaweza kubaki umma kwa hiari au kwenda binafsi. Karibu watu tisa katika kila kumi wako umma.

Wanaozungumza hapa nimewatunga, ila hoja wanazobeba ndizo hasa zinazowagawa wageni. Yuko Mhandisi wa programu, kijana wa Dar es Salaam mwenye miaka 29, aliyepata kazi München. Yuko Muuguzi, Mkenya wa Kakamega, anafanya kazi hospitali ya Hannover. Mzee ni mtu wa Tanga aliyeingia Hamburg miaka ya themanini akaendesha biashara yake ya kusafirisha mizigo. Mpigapicha ni binti wa Mombasa, anajitegemea Berlin. Msimamo wangu nautaja mapema: mgeni mwenye familia, au anayedhani huenda akakaa, namtaka abaki bima ya umma. Lakini upande wa pili nimemkabidhi Mhandisi, mtu anayejua hesabu.

MHANDISI: Shikamoo mzee. Dada zangu, habari zenu. Naanza mimi kwa kuwa ndiye ninayetakiwa kuamua. Mshahara wangu ni euro 6,500 kwa mwezi kabla ya makato, kwa hiyo nimevuka kiwango. Nikikaa umma nakatwa cha juu kabisa. Mwaka 2025 mchango ulihesabiwa mpaka euro 5,512.50 za mshahara, na kwa kiwango cha wastani sehemu ya mtu kama mimi ilikuwa takriban euro 471 kila mwezi. Mwajiri analipa nyingine kama hiyo. Bima binafsi wameniletea ofa ambayo sehemu yangu haifiki 300. Mimi ni mzima, sijaoa, sijawahi kulazwa. Hizo euro 170 na zaidi si za starehe. Ndizo zinazomsomesha mdogo wangu Morogoro.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ya mwezi huu haina kosa. Je, umeuliza bei hiyo imepangwaje?

MHANDISI: Kwa umri wangu na afya yangu. Mshahara hauhusiki.

MZEE: Haswa. Umma wanaangalia unapata nini, binafsi wanaangalia wewe ni nani. Leo una miaka 29, wewe ni mteja wa kupigania. Ukiwa umma, mshahara ukishuka mchango unashuka nao. Kwangu biashara iliyumba, na ankara ya bima ikaja vilevile kama mwaka wa neema.

MUUGUZI: Mimi sina hiari, lakini niseme. Napata euro 3,400. Bima ya afya inanikata kama 290 kwa wastani wa mwaka 2025, na juu yake kuna ile ya matunzo ya wazee na walemavu, nayo ni ya lazima. Mwanzoni niliona ni wizi. Sasa nakuuliza kaka, una mchumba?

MHANDISI: Ninaye. Tunafunga ndoa Desemba, Dar.

MUUGUZI: Akija hapa, miezi ya kwanza atakuwa darasani anasoma Kijerumani, hana kipato. Mimi mume wangu alipokuja nilijaza fomu moja, akapata kadi yake, na makato yangu hayakuongezeka hata senti. Mtoto alipozaliwa, ikawa hivyo hivyo. Kule binafsi kila kichwa kina mkataba wake na bei yake. Mke bei yake, mtoto bei yake.

MHANDISI: Mwajiri anachangia na wao.

MUUGUZI: Anachangia nusu, lakini kwa ukomo. Mwaka 2025 hakuweza kulazimishwa kutoa zaidi ya hizo 471 kwa ajili yenu nyote. Tena liko jambo ambalo wakala wako huenda hakukueleza. Tuseme mkeo amepata kazi ya mshahara wa kawaida akaingia umma. Ukiwa wewe uko binafsi, umevuka kile kiwango na unapata zaidi ya mkeo, watoto wenu hawawezi kuingia bure kwa kadi ya mama yao. Sheria imeziba njia hiyo makusudi.

Hapa Mhandisi ananyamaza, na nadhani ana haki ya kunyamaza. Kanuni hii haipo kwenye karatasi ya bei, na huwakuta wanandoa wakiwa tayari wamebeba mtoto mikononi.

MHANDISI: Sawa, tuache bei, tuzungumzie matibabu yenyewe. Jamaa yangu wa ofisini, yuko binafsi, alipiga simu kwa daktari wa ngozi Jumatatu, akaonwa Alhamisi. Mwingine wa umma, daktari huyo huyo, ameambiwa asubiri wiki kadhaa. Nikienda likizo Tanzania, bima binafsi kwa kawaida inanilinda mwezi wa kwanza nje ya Ulaya. Ya umma ukishapanda ndege kwenda kwetu inasinzia. Ni kweli au si kweli?

MUUGUZI: Ni kweli. Wodini kwetu mgonjwa wa bima binafsi anaweza kupata chumba cha peke yake na kuonwa na bingwa mkuu wa idara, kama mkataba wake unasema hivyo. Siwezi kukudanganya. Na likizo ni kweli: Ujerumani haina mkataba wa matibabu na Kenya wala Tanzania, hivyo kadi yangu haina kazi Kakamega. Ila bima ya safari ya mwaka mzima inauzwa kwa euro chache, ninayo. Kuhusu foleni, daktari wa familia akikuandikia rufaa ya haraka yenye namba yake, unapiga 116117 wanakutafutia bingwa. Huchagui daktari, lakini unapata miadi.

MZEE: Na mwambieni na upande wa karatasi. Hii hapa ankara niliyoletewa baada ya kupima moyo. Angalia safu hii: namba ya huduma. Hii: maelezo kwa Kijerumani kigumu. Hii hapa, 2,3, ndiyo mara ambazo daktari amezidisha bei ya msingi ya serikali. Ndiyo maana madaktari wanatupenda, mwanangu, na ndiyo sababu ya wewe kuonwa Alhamisi. Ankara inakuja kwa jina langu. Nalipa mimi kwanza au natuma kampuni nikisubiri, halafu wananirudishia. Mstari huu wa chini waliukataa, wakaandika kwamba haukuwa wa lazima kitabibu. Nimeandikiana nao barua tatu. Mgonjwa wa umma anaonyesha kadi anakwenda zake. Dawa anachangia kati ya euro 5 na 10, hospitali euro 10 kwa siku, na hizo za hospitali zinakoma baada ya siku 28 za mwaka.

MHANDISI: Mimi ni mtu wa kompyuta mzee, ankara hazinitishi. Kuna programu ya simu, unapiga picha unatuma.

MUUGUZI: Na fomu ya afya umeijaza?

MHANDISI: Bado. Ina maswali mengi. Nilikuwa na pumu shuleni, na miaka miwili iliyopita, Muhimbili, nilipewa tena dawa ya kuvuta. Wakala amesema jambo dogo kama hilo nisiliandike, watapandisha bei bure.

MZEE: Astaghfirullah. Muulize huyo wakala analipwa na nani. Mkataba mmoja wa bima binafsi unaweza kumpa kamisheni ya michango ya miezi kadhaa, hata tisa. Sikwambii kila wakala ni tapeli. Ila jina litakalokuwa chini ya fomu ni lako.

MUUGUZI: Kwa kawaida wanauliza miaka mitatu ya nyuma kwa matibabu ya kawaida, na zaidi kwa kulazwa au maradhi ya akili. Ukificha na wakagundua, wanaweza kujitoa kwenye mkataba. Wakithibitisha ulifanya makusudi, muda wao wa kufanya hivyo unafika miaka 10. Siku hiyo pumu imekubana, umelazwa, ndiyo siku watakayofungua faili.

Nasimama hapa kidogo, maana kwangu huu ndio moyo wa shauri lote. Wengi wetu tumetibiwa vituo vya afya ambako rekodi ni daftari la shilingi chache, lenye mwandiko wa tabibu na mhuri uliofifia. Daftari limebaki nyumbani kwa mama, au halipo tena. Tulitibiwa malaria bila kipimo, tuliandikiwa vidonda vya tumbo kwa kubashiri. Mtu wa namna hiyo anapoulizwa historia ya mwili wake kwa fomu ya Kijerumani, anaweza kukosea bila kukusudia, na kosa likahesabiwa dhidi yake. Bima ya umma haiulizi. Aliyetibiwa kifua kikuu, mwenye selimundu, mwenye virusi vya UKIMWI, mama aliyejifungua kwa upasuaji mara mbili, wote wanaingia kwa mlango ule ule na kwa asilimia ile ile ya mshahara. Sioni jambo jingine katika nchi hiyo ambamo mgeni anapokewa kwa usawa mkubwa kuliko hili. Sitamshauri mtu aliuze kwa euro 170.

MHANDISI: Mwandishi amesema kwa uchungu, na pumu nitaiandika. Lakini hoja yangu kubwa bado. Mimi sikai. Nataka miaka mitano, nikusanye mtaji, nirudi Dar. Uzee wa Ujerumani haunihusu.

MZEE: Basi sikiliza kuhusu mtu wa miaka mitano. Ndani ya mchango wa bima binafsi kuna akiba ya uzeeni, na juu yake sheria inaongeza asilimia 10 mpaka ufike miaka 60, ili bei isikuelemee ukizeeka. Ukihama nchi akiba hiyo huipewi mkononi. Inabaki kwao. Utakuwa umechangia uzee wa watu wengine, jambo ulilosema halikuhusu.

MHANDISI: Hilo sikulijua.

MZEE: Na kama hukurudi Dar? Ukishafika miaka 55 mlango wa umma kwa kawaida umefungwa. Kabla ya hapo, mwajiriwa unarudi tu kama mshahara umeshuka chini ya kiwango, au umekosa kazi.

MUUGUZI: Yaani mpango wa kurudi umma unakutaka kwanza uharibikiwe.

MHANDISI: Mzee, wewe unajuta?

MZEE: Niseme ukweli wote. Moyo wangu ulipasuliwa na daktari niliyemchagua, nikalala chumba chenye dirisha la kuonea ziwa la Alster. Sikuonewa. Lakini sasa nina miaka 70, pensheni ya mfanyabiashara mdogo, na mchango umekwisha pandishwa mara nyingi. Nimehamia mpango wa chini ndani ya kampuni ile ile. Sheria inaruhusu na akiba yangu ya umri ikahama nami. Nimepoteza chumba cha peke yangu. Wenzangu niliofika nao, waliofanya kazi bandarini wakakaa umma miaka yote, wanakatwa asilimia ya pensheni yao. Pensheni ndogo, makato madogo. Ukitaka kustaafu kwa utaratibu wao, uwe umekaa umma angalau tisa ya kumi ya nusu ya pili ya maisha yako ya kazi. Hesabu hiyo inaanza kukuhusu mapema kuliko unavyodhani.

Muuguzi anaongeza jambo ambalo watu wa maofisini hulisahau, na watu wa kazi za mikono hawawezi kulisahau.

MUUGUZI: Mwaka jana nilimnyanyua mgonjwa vibaya, mgongo ukagoma. Mwajiri alinilipa mshahara wangu wiki sita kama sheria inavyosema. Ningeendelea kuugua, mfuko wa umma ungeshika hapo: asilimia 70 ya mshahara kabla ya makato, bila kuvuka 90 ya unachopokea mkononi, mpaka wiki 78 ndani ya miaka mitatu kwa ugonjwa huo huo. Kule binafsi fedha ya kuugua muda mrefu ni lazima uwe umeinunua kwenye mkataba, na kwa siku ngapi. Ukiwa na mke kaka, mwambie na hili: mwajiriwa aliye umma hupata fedha ya likizo ya uzazi mpaka euro 13 kwa siku kutoka kwa mfuko wake wa bima, mwajiri anajazia iliyobaki. Aliye binafsi serikali inampa mara moja tu, euro 210 zisizozidi, pamoja na ile ya mwajiri.

MPIGAPICHA: Mnajadili kuchagua kati ya viwili vizuri. Mimi nilichagua cha tatu, kwa sababu kilikuwa rahisi. Nilipotoka kwenye masomo nikaanza kujitegemea, nilinunua bima ya wageni ya mtandaoni, euro chache kwa mwezi. Ilinipatia viza. Kwenye masharti, ukurasa wa nyuma, imeandikwa hailipi ugonjwa uliokuja nao, na mwisho wake ni miaka mitano. Nilipokwenda kuongeza muda wa kibali, Ofisi ya Wageni wakasema bima hii haitoshi, leta inayolingana na ya umma. Nilipokwenda umma wakasema mtu anayejitegemea, asiyekuwa mwanachama kabla, hawezi kujiandikisha tu. Binafsi wakanipa bei ya kunitoa machozi.

MUUGUZI: Pole sana, dadangu.

MPIGAPICHA: Na wenzangu walioko Dubai wananiambia afadhali yangu, kwao mwajiri ndiye anayekata bima, na ndiye anayejua inalipa nini. Ni kweli mimi nilichagua mwenyewe. Lakini nilichagua kwa kuangalia bei na viza.

Huyu ndiye ninayemwogopea kuliko Mhandisi. Mhandisi ana hiari yenye kinga pande zote. Vijana wanaofika kama walezi wa watoto majumbani, wanafunzi wa lugha, wafanyabiashara wadogo, ndio wanaouziwa bima za muda zinazoonekana kama bima kamili mpaka siku ya kulazwa. Neno la kutafuta kwenye karatasi zile ni ukomo: ukomo wa miaka, ukomo wa fedha, maradhi yaliyoondolewa, miezi ya kusubiri kabla ya uzazi kulipiwa.

MZEE: Kuna kitu kimoja ambacho bima zenu zote tatu hazifanyi vizuri. Mtu wetu akifariki, nani anasafirisha mwili?

MUUGUZI: Umma hawatoi. Zamani mifuko ilikuwa na fedha ya mazishi, wakaiondoa mwaka 2004.

MZEE: Nimeshika daftari la michango ya misiba Hamburg miaka mingi. Wa umma na wa binafsi, wote tumewachangia sawa. Wala hakuna bima hapa inayomtibu mama yako aliyebaki Tanga. Mama akitaka kuja kukutembelea, viza yake inadai bima ya safari ya angalau euro 30,000, na ikiisha siku zake arudi. Kwa hiyo, mwanangu, zile 170 zako usizitie zote kwenye hoja ya bima. Wazee wako wanataka ya kwao huko, na chama cha kuzikana unakihitaji hapa.

MHANDISI: Nina muda gani wa kuamua?

MUUGUZI: Kwa kuwa ni ajira yako ya kwanza nchini na umevuka kiwango, una miezi mitatu tangu kuanza kazi ya kuutangazia mfuko wa umma kuwa unajiunga kwa hiari. Ukiupitisha bila kusema, mlango unafungwa. Kuhama kutoka umma kwenda binafsi unaweza baadaye ukipenda. Njia ya kwenda ni pana, ya kurudi ndiyo nyembamba.

MHANDISI: Basi nitajiunga umma kabla miezi haijaisha, nimlete mke, tuone mwaka wa kwanza. Sijashawishika kwamba ni haki nilipe cha juu. Nimeshawishika kwamba sijui nitakuwa nani nikiwa na miaka arobaini.

MZEE: Inatosha. Na huyu binti tumwache hivi?

MUUGUZI: Hapana. Dadangu, picha zako unauza kwa nani?

MPIGAPICHA: Magazeti mawili, na shirika moja la maonyesho. Na arusi za Waswahili.

MUUGUZI: Iko Künstlersozialkasse, mfuko wa kijamii wa wasanii na waandishi, unafanya kazi tangu mwaka 1983. Anayejitegemea kwa sanaa au uandishi, akithibitisha kipato cha zaidi ya euro 3,900 kwa mwaka, anaingizwa bima ya umma kwa lazima, na analipa nusu tu kama mwajiriwa. Nusu nyingine inatoka serikalini na kwa wanaonunua kazi za wasanii. Hawaulizi uraia.

MPIGAPICHA: Wanataka nini?

MUUGUZI: Mikataba, ankara ulizotoa, picha zilizochapishwa zenye jina lako. Arusi ziweke mwishoni, waanze kuona magazeti.

MPIGAPICHA: Bima yangu inaisha Oktoba.

MZEE: Basi maombi yaende wiki hii, kwa posta ya rejista, ubaki na stakabadhi. Majibu yao huchukua miezi.